Chaneli Kumi na Nane

Garth Mulhall alimpiga mkewe mbele ya pampu ya dizeli, saa tatu asubuhi, na watu sita waliokuwa wakijaza mafuta wakaendelea kuangalia namba zinavyopanda.

Alikuwa akirudisha nyuma karavani yake, nyumba ya magurudumu iliyokokotwa na gari. Mkewe alikuwa amesimama upande wa dereva, mahali ambapo mume angemwona kwenye kioo, akimwongoza kwa mikono kama wanavyofanya wake wote wa barabara ile: kushoto kidogo, njoo, njoo, simama. Alimwashiria asimame. Hakusimama. Kona ya karavani ikagonga nguzo ya chuma, taa nyekundu ikapasuka. Garth akashuka, akaitazama ile taa, kisha akamwendea mkewe na kumpiga mdomoni kwa mgongo wa mkono, bila haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Kofia ya mwanamke ikaanguka. Akainama, akaiokota, akaipangusa vumbi jekundu, akaivaa tena.

Murray Trewin alikuwa kwenye pampu ya pili. Alikuwa na miaka sitini na saba, mchinjaji mstaafu wa Port Pirie, mwenye viganja vipana na mgongo ulioanza kupinda. Mlio wa lile kofi ulipomfikia, mkono wake wa kulia ulijikunja wenyewe. Akautia mfukoni.

"Umeona?" aliuliza binti yake, Bronwyn, kutoka dirishani.

"Nimeona."

"Na?"

"Na nini? Si wewe uliyenikataza?"

"Nilikukataza kupiga, Mzee. Sikukukataza kusema."

Murray alirudisha mpira wa mafuta mahali pake, akaenda kulipa.

Sharti lenyewe lilikuwa fupi, na Bronwyn alilitamka siku ya kwanza, kabla hata hajapakia begi lake. Mama yake, Elaine, alifariki mwezi wa Machi mwaka uliopita. Elaine ndiye aliyeinunua ile karavani kwa fedha za cherehani, akaweka alama za kalamu ya bluu kwenye ramani, korongo baada ya korongo, mbuga baada ya mbuga, mpaka juu kabisa Pilbara, nyika ya machimbo, na hakuwahi kusafiri nayo hata siku moja. Bronwyn aliyekimbia nyumbani akiwa na miaka kumi na saba, na ambaye kwa miaka kumi na saba mingine alizungumza na baba yake kwa simu za Krismasi tu, alikubali kuzifuata zile alama pamoja naye kwa wiki tatu. Lakini baba akiinua mkono wake juu ya mtu yeyote, au mbwa, au hata akipiga teke ndoo, yeye atashuka kwenye mji unaofuata, na Murray asimtafute tena maisha yake yote.

Hii ilikuwa siku ya tisa.

Karavani ya Garth iliondoka kwanza, kubwa, nyeupe, yenye mstari mwekundu ubavuni. Nyuma ilikuwa na maandishi kama zilivyo zote: majina ya wenyewe na namba ya chaneli ya redio ya upepo, ile ya kuzungumza gari kwa gari, ili anayetaka kupita aombe njia, na anayetaka gumzo apate gumzo. *Garth na Sherrie, Chaneli 18.* Nyuma ya karavani ya Murray paliandikwa *Murray na Elaine, Chaneli 18*. Elaine alibandika herufi zile kwa mkono wake. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzibandua.

Bronwyn aliendesha. Kazi yake Adelaide ilikuwa kunyoa mbwa, na usukani aliushika jinsi alivyomshika mbwa mkubwa, kwa utulivu lakini bila kumwachia. Murray alichukua chupa kubwa ya maji, akaisukuma kwenye nafasi kati ya viti viwili, mahali ambapo kipaza sauti cha redio kilikuwa kimeanguka, akaikandamiza mpaka ikakaa imara. Redio ikanyamaza. Hawakugundua, kwa kuwa ukimya ndio waliouzoea.

Oktoba ilikuwa inaisha na wenye akili zao walikwisha kurudi kusini. Joto lilikuwa limefika nyuzi arobaini na mbili. Vilima vyekundu vilitetemeka pande zote mbili, na malori ya machimbo yenye tela tatu tatu yaliwapita yakiisukuma karavani kando kwa upepo wake.

"Ana shingo ya nguruwe wa maonyesho," Bronwyn alisema ghafla.

Murray alimtazama.

"Garth. Shingo ya nguruwe, halafu chini yake miguu ya kuku. Uliiona? Kaptura imejaa hewa tupu."

Murray alicheka. Hakukusudia. Akaongeza kwamba ndiyo maana amenunua karavani kubwa vile, apate cha kuegemea, na Bronwyn akacheka mpaka akalazimika kupunguza mwendo. Walikuwa hawajacheka pamoja tangu alipokuwa mtoto wa shule. Murray aliona kifua kimekuwa chepesi, na wepesi huo ukamfanya aseme zaidi ya alivyopanga.

"Ni mwoga yule. Nyumbani kwake kijiko kikianguka, wote wanaacha kupumua. Anadhani ni heshima. Ni mwoga tu."

"Umejuaje?"

"Unajua nimejuaje."

Kicheko kilikwisha. Kilomita tano zilipita, au sita. Kisha Bronwyn, macho yake yakiwa barabarani, akamuuliza jambo ambalo Murray alijua tangu Port Pirie kwamba ataulizwa.

"Mkono wa Mama. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Aliteleza kweli?"

Angeweza kusema ndiyo. Elaine mwenyewe alisema ndiyo, mpaka kufa kwake.

"Hakuteleza," Murray alisema. "Aliniambia nimelewa. Nilikuwa nimelewa. Nikamshika mkono hapa, nikaupinda. Nikausikia unavunjika. Halafu nikamtia kwenye gari, nikampeleka hospitali, na mimi ndiye niliyemwambia daktari kwamba ameteleza kwenye ngazi za nyuma. Yeye alikuwa amekaa pale, ananisikiliza. Akatingisha kichwa kukubali."

Machozi yalimtoka Bronwyn, akayaacha yatiririke, akaendelea kuendesha. Murray alitaka kusema kwamba anajuta, lakini aliona neno lile ni dogo mno, akaliacha. Walikwenda hivyo karibu saa nzima.

Kwenye njia panda ya kuingia mbuga yenye kambi ya Hadley, alama iliyofuata kwenye ramani, Bronwyn alisimamisha gari, akavuta ile chupa anywe maji. Redio ikafufuka hapohapo.

"Wameachia," sauti ya mwanamume mzee ilisema. "Jamani, hatimaye wameachia kitufe. Murray na Elaine, mnanisikia? Kipaza sauti chenu kilikuwa wazi tangu kwenye mafuta. Tumejaribu kuwaambia, hatukuweza kupenya."

Bronwyn alikiokota kipaza sauti kutoka sakafuni. Kitufe chake kilikuwa na alama ya unyevu wa chupa. Hakukibonyeza.

Ikaja sauti nyingine, tulivu kabisa. "Waache. Mimi nimewasikia vizuri. Murray, niko mbele yako. Tutaonana Hadley." Na nyuma ya sauti ile, kabla hajaachia kitufe, mwanamke alikohoa kama aliyepaliwa na kitu.

Wazo la kwanza la Murray lilikuwa juu yake mwenyewe: barabara nzima sasa inajua. Alisema wasiingie, wapite moja kwa moja, kuna mji wa machimbo kilomita tisini mbele, watalala huko.

"Na yule mama?" Bronwyn aliuliza.

"Yule mama ana—"

"Maneno yetu ndiyo yaliyomponza, Mzee. Sisi tulicheka, yeye ndiye aliyekuwa kwenye gari na yule mtu, anasikiliza. Saa nzima." Akakata kona kuingia njia ya vumbi. "Na sharti liko palepale. Hata kwa yule."

Kambi ya Hadley ilikuwa uwanja wa changarawe juu ya korongo, mikaratusi michache yenye magome meupe, choo cha shimo, na karavani sita. Mwenyeji wa kambi wa msimu ule, mmoja wa wale wastaafu wanaojitolea kukaa miezi mbugani wakiwapangia wageni nafasi, alikuwa mama mmoja mwembamba aitwaye Noelene, mwenye chandarua cha nzi usoni na daftari kwapani. Alisoma maandishi ya nyuma ya karavani, kisha akamtazama Bronwyn.

"Wewe si Elaine."

"Mimi ni binti yake. Mama alifariki mwaka jana."

"Pole, mwanangu. Mengine yote niliyasikia, hilo sikulisikia." Akamgeukia Murray, akamkagua juu mpaka chini, bila chuki na bila huruma. Akasema kwamba Garth amepewa nafasi ya mwisho kule, amekaa kivulini anakunywa bia. Mkewe ameshuka korongoni peke yake, taulo mdomoni. Noelene alimsihi akae kwake, akakataa.

Bronwyn alikwisha kuvua kandambili na kuvaa viatu. "Kaa hapa," alimwambia baba yake. "Ukimwona Garth anashuka, piga honi." Akaenda kwenye ngazi za chuma zilizoteremka kati ya kuta nyekundu, akazama, kofia yake ikawa ya mwisho kuonekana.

Murray alifanya kazi, kwa kuwa mikono yake ilihitaji kazi. Aliitenga karavani na gari. Akachukua hendeli ya chuma ya kuteremshia miguu ya karavani, akapiga goti, akaanza kuizungusha. Alikuwa kwenye mguu wa tatu alipoona kivuli kimesimama juu yake.

"Shingo ya nguruwe," Garth alisema.

Pigo la kwanza lilimpata sikioni. Dunia ikalia kama kengele. Alipojaribu kusimama, Garth alimshika ukosi, akamsukuma uso kwenye bati la karavani lililokuwa juani tangu alfajiri, akamkandamiza hapo. Murray alisikia shavu lake likiungua, akanusa harufu aliyoijua kutoka buchani, ngozi na chuma cha moto. Kisha ngumi zikaja mbavuni, moja, mbili, tatu, na kwenye ile ya tatu kitu ndani kikaachana.

"Nipige basi," Garth alisema, anahema. "Si mimi ndiye mwoga? Wewe uliyemvunja mkeo mkono ndio uje unifundishe mimi? Mbele ya watu wote? Nipige, mzee, tuone."

Kwa miaka arobaini Murray alifungua miili. Alijua ini limelala wapi, alijua chini ya ubavu wa mwisho pana pahali ambapo ngumi moja ingetosha kumlaza yule mtu chini akitapika. Mkono wake wa kulia ulijua pia, ulikuwa unadai. Aliinama, akakumbatia chuma cha mbele cha karavani, kile cha kukokotea, akakishika kwa viganja vyote viwili. Kilikuwa cha moto kama kikaango. Akakaza.

Garth alimpiga mateke. Alimpiga mgongoni, pajani, akampiga moja la uso lililompasua nyusi. Watu walikuwa wamesimama mbele ya viti vyao vya kukunja, chupa za bia mikononi, hakuna aliyesogea. Sauti ya Noelene peke yake ndiyo iliyosikika ikimwita Garth kwa jina, ikimwambia aache, ikija karibu.

Garth aliacha. Si kwa ajili ya Noelene. Alikuwa amechungulia bonde, ameona huko chini kofia mbili zimekaa pamoja kando ya maji.

"Kumbe," alisema. Akaiokota ile hendeli, akaelekea ngazini.

Murray alijaribu kuachia chuma, ngozi ya viganja ikabaki. Akajikokota mpaka kwenye gari, akafungua mlango, akaegemea honi kwa paji la uso. Honi ikalia ndefu, mlio wake ukarudi kutoka korongoni, ukarudi tena. Kisha akashuka, akashika mbavu, akamfuata Garth.

Alihesabu ngazi thelathini, hesabu ikampotea. Kila hatua ilikuwa kisu. Kuta zilipanda pande zote mbili, nyekundu, tabaka juu ya tabaka kama nyama iliyokatwa na mtu mwenye mkono mzuri, na kadiri alivyoteremka ndivyo hewa ilivyozidi kuwa baridi. Chini kabisa palikuwa na bwawa la maji meusi, na kando yake ukingo wa mwamba usiozidi upana wa meza. Njia ya kutoka ilikuwa moja, hiyohiyo ya ngazi, na Garth alikuwa juu yake.

Yaliyokuwa yamepita pale chini alisimuliwa na Bronwyn baadaye. Kwamba Sherrie alikuwa amekaa miguu majini, jino lake lililong'oka amelifunga kwenye leso, na Bronwyn alipomwomba radhi kwa yale ya redioni, Sherrie akasema kwamba kuitwa mpigaji Garth angevumilia, ameshaitwa na dada zake. Kilichomuuma ni miguu ya kuku. Na kwa ule mdomo wake uliopasuka, Sherrie akacheka. Ni ya kuku lakini, alisema. Miaka kumi na tisa naitazama.

Walikuwa wanacheka honi ilipolia.

Murray alipofika chini, Garth alikwisha kumshika mkewe nywele. Alikuwa anamburuta kwenye mwamba, magoti ya mwanamke yakichubuka, na yeye hakupiga kelele hata kidogo, kama mtu aliyezoea kwamba kelele huongeza. Bronwyn alikuwa mgongoni mwa Garth, anamvuta shingo, na Garth alimtupa kwa kiwiko, akaangukia ukutani.

Garth akainua hendeli juu ya kichwa cha mkewe.

Murray hakumpiga. Aliingia katikati. Aliinua mkono wake wa kushoto, si kwa ngumi, bali jinsi mtu anavyoinua mkono kujikinga na jua, na ile hendeli ikatua juu yake. Aliutambua mlio. Alikuwa ameusikia mara moja tu maishani, jikoni kwake, na hakuwahi kuusahau.

Aliporomoka juu ya Sherrie, akamfunika kwa mwili wake. Hendeli ikamshukia begani. Ikamshukia mgongoni. Sherrie, chini yake, alikuwa anasema kitu kimoja mfululizo, kwa sauti ndogo: "Usiondoke. Usiondoke. Usiondoke."

Kisha mapigo yakakatika, na Murray akasikia sauti nyingine, nzito, mbovu, kama tikiti lililoanguka.

Aligeuza kichwa. Garth alikuwa amepiga magoti, hendeli imemtoka, damu inamchuruzika kutoka utosini mpaka machoni. Bronwyn alikuwa amesimama juu yake na jiwe mikononi. Akampiga tena, kwenye bega. Garth akaanguka ubavu, nusu mwili majini. Akampiga tena. Garth alisema tafadhali. Bronwyn akainua jiwe kwa mkono wa kulia, akalipandisha juu, akalenga kichwa, na uso wake ulikuwa uso ambao Murray aliujua vizuri. Miaka mingi aliuona kwenye kioo cha bafuni, asubuhi za baada ya kupiga.

Alisimama, hakujua kwa nguvu gani. Mkono wa kushoto ulining'inia. Wa kulia ndio uliobaki, kiganja kimebabuka, na kwa huo akamshika binti yake kifundo cha mkono.

Bronwyn alifanya kama aliyepigwa na umeme. Alitazama vile vidole vinene vilivyomzunguka mfupa, kisha akamtazama baba yake, na Murray akaelewa kwamba hivi ndivyo Elaine alivyomtazama. Chini ya kidole gumba alihisi mshipa unapiga. Angeweza kukaza vidole, jiwe likaanguka. Lilikuwa jambo dogo sana. Mkono wake ulijua kiasi gani.

"Sitakubana," alisema. "Naachia, Bron. Angalia. Naachia. Wewe mwenyewe uliweke chini."

Akafungua vidole, kimoja kimoja. Mkono wa Bronwyn ukabaki hewani na jiwe lake, hakuna aliyeushika, na ulikuwa huru kufanya lolote. Maji yalitiririka mahali fulani. Garth alilia.

Bronwyn alilitupa jiwe bwawani. Kisha akakaa chini palepale, na Sherrie akajisogeza, akamkumbatia.

Watu wa kambi walishuka baada ya hapo, na kamba na machela ya turubai, hawatazamani. Noelene alikuwa mbele yao. Alikuwa amekwisha kuchukua funguo za gari la Garth na kuzitia ndani ya sidiria yake. Alisema hapo ndipo zitakapokaa mpaka polisi waje, na anayezitaka ajaribu.

Bronwyn aliwapeleka mjini yeye mwenyewe, Murray mbele, mkono umefungwa kwa gazeti lililokunjwa na mishipi ya kuongozea mbwa, Sherrie nyuma na barafu mdomoni. Karavani waliiacha. Jua lilikuwa bado juu ya vilima. Walipofika lami, Bronwyn alichukua kipaza sauti, akakitazama, akabonyeza kitufe.

"Chaneli kumi na nane," alisema. "Huyu ni Bronwyn, kwenye gari la Murray na Elaine. Nina watu wawili walioumia, nawapeleka zahanati. Mmoja wao ni Sherrie. Hataki kurudi. Anahitaji mtu anayekwenda kusini."

Murray alidhani hakuna atakayejibu. Kisha dereva wa lori la machimbo akasema yuko kilomita ishirini kutoka mjini, atapiga simu zahanati wamsubiri mlangoni. Mwanamke akasema yeye na dada yake wanaelekea Geraldton kesho asubuhi, wana kitanda cha tatu, hakina mtu. Mwingine akasema ana nguo, Sherrie anavaa saizi gani. Na yule mzee wa kwanza, aliyekuwa amesema wameachia kitufe, akasema polepole:

"Mimi nilikuwa pampu ya nne asubuhi. Nilimwona akimpiga. Nikatazama namba. Nataka Sherrie alijue hilo, na ajue naona haya."

Sherrie aliinama mbele kati ya viti, akanyoosha mkono. Bronwyn akampa kipaza sauti.

"Saizi kumi na nne," Sherrie alisema. "Na asante, baba."

Pale zahanati, nesi alikuwa kijana mwenye karatasi ndefu. Alimkata Murray shati, akamuuliza mkono umevunjikaje. Murray alifungua mdomo na, bila kutaka, akaona zile ngazi za nyuma za nyumba ya Port Pirie. Gari la pili lilikuwa limekwisha kumleta Garth, amelazwa upande wa pili wa pazia, kichwa kimefungwa bandeji, polisi kijana amesimama karibu naye. Punde wangeuliza nani aliyempasua. Murray alikuwa na jibu tayari. Mimi, angesema. Nani angeshangaa? Barabara nzima ilikuwa inajua yeye ni mtu wa namna gani.

"Huu alinivunja yeye, kwa hendeli ya karavani," alimwambia nesi. "Na yeye, kichwa—"

"Kichwa nilimpasua mimi," Bronwyn alisema. Alikuwa amesimama mlangoni. "Kwa jiwe. Pigo la kwanza lilikuwa la kumzuia. Mengine hayakuwa ya kumzuia. Andika hivyo."

Polisi aligeuka. Alimwomba aje aandikishe maelezo. Bronwyn akaenda, akakaa naye kwenye benchi la nje, na kupitia kioo Murray alimwona akieleza kwa mikono, akiinua, akishusha, hafichi kitu. Ilichukua muda mrefu. Aliporudi alisema ameambiwa asiondoke mjini siku mbili, ataitwa.

Akakaa kando ya kitanda. Murray alitazama miguu yake mwenyewe. Basi la kwenda Perth lilisimama kila siku saa nne asubuhi mbele ya duka la mkate. Alikwisha kuona kibao wakati wanaingia. Mji unaofuata ndio huu.

"Basi lipo," alisema. Aliona ni afadhali alitaje yeye.

"Nimeliona."

"Sikuinua mkono, Bron."

"Najua. Nilikuwepo." Aligusa plasta mbichi kwenye mkono uliovunjika, kwa ncha ya kidole, kama anayepima joto. "Niliinua mimi. Nilipenda, Mzee. Hilo la kwanza liliponitoka, nilipenda. Ndivyo inavyokuwa?"

"Ndiyo," Murray alisema. "Ndivyo inavyokuwa."

Bronwyn alilia kidogo, akapangusa pua kwa mkono wa shati. Murray hakumgusa. Alikaa naye tu. Nje lori lilipita, vioo vikatetemeka, vikatulia.

"Sijakusamehe ule mkono," Bronwyn alisema. "Sijui kama nitakusamehe."

"Sijakuomba."

"Vizuri." Akatoa ramani ya mama yake kutoka begini, akaikunjua juu ya shuka, juu ya miguu ya baba yake. Alama za bluu zilikuwa zimebaki nne. "Polisi wakishamalizana nami, tutaifuata karavani Hadley. Ile nafasi ni nyembamba, na mimi kurudisha nyuma sijui vizuri. Utasimama nyuma uniongoze."

"Kwa mkono mmoja?"

"Simama upande wa dereva," Bronwyn alisema, "nikuone kwenye kioo."